Chai Ambayo Anti Merle Hakunywa

Mami,

Salamu nitazipunguza, kwa sababu leo mchana tumekula pamoja na nimekuona ukisafisha sahani, kwa hiyo najua hujambo. Mimi nami sijambo, ukiondoa wivu. Nimeutaja mapema usije ukanikaba njiani. Baba yako ameusema wiki nzima huku akifunga masanduku yako kwa selotepu: "Mama Wambui, wewe una wivu. Sema tu, utapoa." Nami namjibu afunge masanduku. Sasa wewe umeenda mtaa wa Minto kuaga wenzako, yeye amesinzia kwenye kochi, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni nikuandikie kabla hujarudi na kelele zako.

Kesho asubuhi Anti Merle anakuja kukuchukua mwende kwao, mji wa mbali huko nyuma ya milima, kwenye ile nyumba yake ya wanawake wenye kesi. Badala ya kusubiri kesi zao gerezani, wanasubiria pale, na watoto wao wakiwa miguuni. Hiyo ndiyo kazi uliyoichagua baada ya kusoma kote huko. Na jana uliniomba jambo moja, kwa Kiingereza chako cha kubembeleza: kesho nimkaribishe ndani. Nikajifanya nasugua sufuria. Barua hii ndiyo jibu, lakini jibu lenyewe linazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa hiyo nivumilie.

Mambo ya koti, dawa ya pumu, mafuta ya nywele na maharagwe kulowekwa usiku, hayo sitayaandika. Baba yako atakuambia yote hayo mpaka gari lipinde kona, na utaitikia bila kusikia. Mimi nataka kukuambia yale niliyopaswa kukuambia zamani, nikanyamaza mpaka mtu mwingine akakuambia kabla yangu. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia.

Unaikumbuka ile lokdauni ya pili, tulipobanwa sisi wa magharibi ya Sydney huku wale wa ufukweni wakitembeza mbwa. Chuo chenu chote kilikuwa kimehamia kwenye kompyuta, ukawa unashinda chumbani. Mimi nilikuwa natoka kabla hakujakucha na karatasi ya ruhusa kwenye pochi. Siku moja narudi, miguu imevimba, barakoa imenichora mistari usoni, nakukuta hapa jikoni unalia. Nikajua ni korona, nikaanza kuhesabu nani nyumbani Nyeri amekwenda. Kumbe hakuna aliyekufa. Ukaniambia kuna mama mmoja Mwaborijini, huyu huyu Anti Merle, amezungumza na darasa lenu. Amewaeleza jinsi watu wake, wenye nchi hii, wanavyojazwa magerezani kupita watu wengine wote, na jinsi wengi hawajahukumiwa kitu, wanasubiri tu. Ukaniangalia na macho mekundu, ukaniuliza, "Mum, ulijua?"

Nilijua? Haki ya Mungu, Wambui! Mimi nilikuwa nimetoka huko saa hiyo. Mimi nesi wa gereza tangu uko darasa la kwanza. Nimepima presha ya nyanya, halafu ya binti yake, halafu ya mjukuu, ndani ya geti lile lile. Na wewe hukuwahi hata siku moja kuniuliza, "Mum, huko ndani kukoje?" Mwanamke anaongea kwenye kioo cha kompyuta kipindi kimoja, na wewe unalia mpaka kamasi. Nilikujibu "najua," nikaenda kuoga. Huko bafuni nikalia na mimi, na nakuambia ukweli, sikuwalilia wafungwa. Nililia kwa sababu machozi yale alikuwa ameyapata mtu mwingine.

Baadaye nikatulia nikajiuliza, ungeniulizaje? Kanisani Guildford nikiulizwa nafanya wapi, nilisema hospitali. Wenzangu wote ni manesi wa hospitali au wa nyumba za wazee, nani atasimama kwenye chai ya baada ya ibada aseme yeye ni wa jela? Ulipokuwa mdogo mwalimu aliwaambia mchore kazi za wazazi. Ukanichora nimevaa magwanda ya bluu mbele ya jengo lenye uzio mrefu, waya umeuchora vizuri kweli, umejikunja juu. Nikakupa kifutio. Nikakuambia ufute uzio, uchore maua. Ukafuta, ukachora maua ya njano, na kuanzia siku hiyo hukutaja tena habari za kazi yangu. Mtoto anaelewa upesi mahali ambapo mzazi hataki kuguswa.

Sasa ngoja nikueleze kukoje.

Watu wanadhani gereza limejaa wauaji. Wapo, sikatai. Lakini wanawake niliowapokea mimi, na hasa hawa Waaborijini, mara nyingi kosa ni dogo mpaka unatafuta kubwa limejificha wapi. Ameiba maziwa ya mtoto. Amemtukana polisi. Alitakiwa afike mahakamani, basi la kwao halikuja siku hiyo, akakosa. Hakimu angependa kumpa dhamana, lakini anauliza, "Utakaa wapi?" Naye hana anwani ambayo mahakama inaikubali. Kwa dada yake wamejaa, kwa mama yake polisi wanapajua, na kwa mwanamume wake ndiko anakopigwa. Basi anarudishwa ndani. Mimi nimetibu vidonda vingi, mami, lakini ugonjwa wa kukosa anwani sina dawa yake kwenye kabati langu.

Mwaka ule wa korona alikuja msichana mmoja. Jina lake sikupi, kazi yangu hainiruhusu, na hata ingeniruhusu ningelihifadhi. Umri wake ulikuwa kama wako. Mtoto wake mchanga alikuwa amebaki kwa bibi yake, mbali. Wakati huo kila aliyeingia alifungiwa peke yake kwanza kwa ajili ya korona, na kutembelewa kulikuwa kumesimamishwa. Matiti yake yalikuwa yamejaa, yamekuwa mawe, homa juu. Nilimpelekea vitambaa vya baridi, nikamfundisha kuyakamua kwenye sinki. Tulisimama hapo wawili, mimi na plastiki yangu mwili mzima, tukiangalia maziwa yakienda na maji. Hakulia. Akaniambia, "Asante, Anti."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mimi si anti yako. Niite nesi."

Sijui ilinitokaje. Tulikuwa tumefundishwa kuweka mpaka, ndiyo, lakini wenzangu waliitwa majina ya kila aina na walicheka tu. Mimi niliogopa. Nimefika nchi hii nimenyenyekea, nimefanya mitihani yao mara mbili mbili, nimenyoosha ulimi wangu ili wanielewe, yote ili nisihesabiwe miongoni mwa wale wanaofungiwa. Na sasa huyu, mweusi kama mimi, ananivuta upande wake kwa neno moja. Kwao Anti ni cheo cha heshima, wewe unajua kuliko mimi, sawa na sisi tunavyomwita mtu mzima mama hata kama hakukuzaa. Alinipa kiti, nikakisukuma.

Bado hujasikia baya. Siku nyingine, nikimpima joto, akaniuliza kama nina binti. Nikasema sina.

Nilikukana, Wambui. Sikutaka jina lako liingie mle ndani, lishikwe na kuta zile. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Akaniangalia kwa huruma kabisa, yeye ambaye mtoto wake yuko mbali, akasema, "Pole. Ungekuwa mama mzuri." Nilimaliza kuandika joto lake, nikatoka, nikasimama ukumbini mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Kesi yake ilisikizwa kwa kioo, hakimu akiwa mjini na yeye kwenye kijichumba chetu. Alitoka humo anaruka. Wakili alikuwa ameipa mahakama anwani. "Naenda kwa Anti! Naenda kwa Anti Merle, na mtoto ataletwa!" Alipiga kelele ukumbi mzima, hata maaskari walicheka. Na mimi, badala ya kushukuru Mungu, niliposikia hilo jina roho iliniuma kana kwamba nimeibiwa. Wakati huo wewe ulikuwa umeshaanza, Anti Merle amesema hivi, Anti Merle anaona vile, asubuhi mpaka jioni. Nikawaza, huyu mwanamke atachukua wangapi? Nilisahau kwamba yule msichana aliniita anti kabla hajampata yeye.

Basi ndiyo maana nilimfanyia Anti Merle yale ya getini. Unayajua, lakini acha niyaseme mwenyewe.

Mara ya kwanza alipokuleta nyumbani, ulipoanza kumsaidia akija mjini kwa kazi zake, lokdauni ilikuwa haijaisha, na sheria ilisema hakuna mgeni ndani. Sheria hiyo niliipenda, wacha tu! Nilichungulia dirishani, nikamwona amekaa kwenye gari lake kuukuu, kioo kimeshushwa, anangoja apungiwe mkono. Nilipunga kidogo tu, nikafunga pazia. Vizuizi vikaondolewa, majirani wakaanza kuchoma nyama pamoja, na mimi bado nakuambia, "Mwambie atuwie radhi, mimi nafanya kazi na wagonjwa, siwezi kumhatarisha." Mama mtu mzima anakuja mpaka mlangoni kwangu, anarudi bila chai. Kwetu hata mzoa taka hunywa chai. Mama yangu angefufuka angenichapa.

Halafu lile bakuli. Alitutumia vimikate vyake vya kukaanga, vinene, ndugu wa chapati, bado vina moto ndani ya kitambaa. Baba yako alivila vyote na siagi, msaliti huyo. Mimi nikaosha bakuli, nikalikausha, nikakupa umrudishie. Tupu. Ulilipokea ukalisikia jepesi, ukanitazama. Wewe unajibu kwa Kiingereza kila ukisemeshwa Kiswahili, na Kikuyu chako ni cha kuokotea, lakini hiyo lugha uliielewa bila mkalimani. Wiki iliyofuata bakuli likarudi, limejaa tena. Huyo mwanamke! Alielewa au hakuelewa, sijui mpaka leo. Bakuli liko juu ya kabati, na sijalirudisha.

Kilichonimaliza kabisa ni siku uliponiuliza habari za jina lako. Ulisema Anti Merle hakuulizi umesoma nini, anakuuliza, "Watu wako ni nani? Umepewa jina la nani?" Ati ukamwambia jina ni la mama yangu, basi, hukuwa na zaidi. Akakuambia nenda kaulize. Ukaja ukaniuliza, nikakujibu ni mambo ya zamani. Hapo pia nilikuwa nasikia kijicho, kwamba anatuma watu kunihoji ndani ya nyumba yangu. Sasa nakujibu wewe, si yeye, ingawa najua utamsimulia.

Kwa mila yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Baba yako alivunja utaratibu akaniachia, kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki nikiwa na mimba yako na hakustahimili kuniona vile. Ndiyo maana nakuita mami. Kwa jina, wewe ni mama yangu. Na huyo Wambui wa kwanza alikuwa mtoto mdogo enzi za mkoloni, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na ndani ya handaki miti iliyochongwa. Watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakawekwa humo, shamba wanaliona kwa macho ng'ambo ya handaki, na kulifikia ni kwa kipenga na ruhusa. Alikuwa akituambia kitu kimoja tu juu ya mahali pale, kwamba kila jioni mama yake aliwapanga watoto akawaita majina kamili, la baba, la babu, la ukoo, ili wasije wakazoea kuitwa kwa kuhesabiwa. Mimi nimelelewa na mwanamke huyo. Halafu nikaenda kufanya kazi mahali ambapo wenye nchi wamezungushiwa waya kwenye nchi yao, na nikakuambia uchore maua.

Kwa hiyo nikikuambia neno juu ya kazi yako, lichukue kama la mtu aliyekosea humo humo. Siku ile mezani nilikubeza. Nilisema nyumba moja yenye vyumba vichache haitamaliza magereza. Ukanijibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyesema itamaliza, itamtoa mmoja leo, na mahakimu wakizoea kusema ndiyo kwa mmoja, sheria yenyewe itabidi ifuate. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu yule mmoja akiruka ukumbini. Uliniweza.

Ninachokijua mimi ni cha chini kuliko hicho. Wasikuone umefika kuwaokoa, hiyo wameshaiona, na serikali iliyokuja nayo zamani iliwanyang'anya watoto wao. Weusi wako utakufungulia mlango, lakini usikae juu yake. Sisi tuliomba kuja hapa tukapewa karatasi, wao hakuna aliyewauliza kama tuje. Mtu akikwambia jambo lake chungu, usikimbilie kumwambia la kwetu kana kwamba mnashindana. Usiahidi mtoto atarudi Ijumaa kama hujui. Na wakikuita dada, au siku moja, ukiwa na mvi, wakikuita anti, mami, itika. Itika mara ya kwanza, kwa sababu huenda wasirudie.

Kuna siku utachoka na utamkasirikia Anti Merle. Atakuwa mkaidi, wote wenye nyumba zilizojaa watu ni wakaidi. Siku hiyo nipigie simu. Nakuambia wazi, siku hiyo nitafurahi kidogo, Mungu anisamehe, nitakusikiliza mpaka betri iishe. Halafu nitakuambia urudi ukaoshe vyombo vyake.

Na huenda ukamkuta yule msichana, au huenda ameshakwenda zake. Sikutumi umtafute. Lakini mwanamke yeyote wa nyumba ile akikuuliza mama yako anafanya kazi gani, usimwambie hospitali. Mwambie mama yako ni nesi wa gereza, yule Mkenya mkali. Na ukiona ameshtuka, ameanza kukutazama uso, mwambie ni kweli, anaye binti. Mwambie nilisema uongo kwa sababu niliogopa, na mtoto wake nauliza anaendeleaje.

Sasa jibu lako. Kesho mwambie Anti Merle azime gari. Asingoje kupungiwa mkono, mimi mwenyewe nitatoka mpaka getini. Nitachemsha chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha, na bakuli lake nitalijaza mandazi mpaka kifuniko kikatae. Nikimsalimia kwa ukavu, usinikanyage mguu chini ya meza, nitalainika kikombe cha pili. Akikuita Bui mbele yangu, badala ya jina zima nililokupa, nitameza na chai. Nikimuuliza maswali mengi, mwache ajibu mwenyewe, nataka kujua nani anakulaza wapi. Wivu bado ninao, sitakudanganya, naona hata mkono unaandika kwa nguvu. Lakini mgeni wangu atakunywa chai.

Tuna viti vinne. Baba yako atakaa pale pake pa siku zote. Anti Merle nitamweka karibu na dirisha, penye jua.

Wewe kaa upande wangu.

Mama yako,
yule wa kukuzaa